Dada aliniambia mimi kwanza

Mwezi uliopita nilikaa siku mbili kwenye ukumbi wa hoteli moja hapa Mtwara mjini nikiandika kumbukumbu za semina. Ndiyo kazi inayonilisha siku hizi. Wadau wanaitwa, wadau wanazungumza, mimi naandika. Safari hii mada ilikuwa kuzuia itikadi kali kwa kushirikisha jamii za mpakani. Walikuwepo mashehe, wachungaji, maafisa wa halmashauri, akina mama wa vikoba, polisi wawili waliovaa kiraia ambao kila mtu aliwajua, na wenyeviti wa vitongoji kutoka vijiji vya kando ya Ruvuma. Ukutani karatasi kubwa, mezani kalamu za rangi, saa nne chai na maandazi.

Siku ya pili baada ya chakula, watu wameanza kusinzia na kuwaza posho, mwenyekiti mmoja wa kitongoji akanyoosha mkono. Mzee, kanzu imefuliwa mpaka imekuwa rangi ya maji ya mchele. Mwezeshaji alikuwa ametoka kueleza dalili za kijana anayeanza kubadilika.

"Dalili tumezielewa," mzee akasema. "Hizo hata mke wangu anazijua. Mimi nauliza hivi. Mama akinigongea usiku akaniambia mwanangu simwelewi, nimpeleke wapi? Nikimpeleka polisi, kesho hatakuja mama mwingine. Nikinyamaza, likitokea la kutokea, mimi ndiye nitakayeulizwa."

Mwezeshaji akamshukuru kwa mchango mzuri, akageuka ukutani akaandika: MFUMO WA RUFAA. Neno ambalo kwetu humfanya mtu aifikirie Hospitali ya Rufaa ya Ligula. Kisha tukaendelea na kipengele kinachofuata.

Nami nikaandika "mfumo wa rufaa" kwenye kompyuta, vidole vikasimama hapohapo. Swali la mzee nilikuwa nalijua. Niliwahi kuulizwa, na sikulijibu vizuri.

Kwa asiyewajua Wamakonde, mjomba kwetu ana kazi zaidi ya kuleta nguo za sikukuu. Kwa mila, mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye sauti juu yake ni kaka wa mama. Mjomba ndiye aliyekuwa akisimamia jando, mahari, na kesi pale kijana akiharibu. Dini, shule na maisha ya mjini vimeimega nafasi hiyo, leo wengi wetu tunafuata ukoo wa baba kwenye vyeti na wa mama kwenye matatizo. Lakini mtoto wa dada akikorofisha, bado watu watauliza: mjomba wake yuko wapi?

Mpwa wangu alikuwa miongoni mwa vijana wa kusini waliovuka kwenda Montepuez, jimbo la Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji, baada ya habari kuenea kwamba kule kuna rubi. Madini hayo yaligunduliwa mwaka 2009, na kufikia miaka ya kati ya 2010 ungekuta Montepuez vijana kutoka karibu kila wilaya yetu, wengine wamefungua maduka, wengine wanachimba kwa mikono. Februari 2017 serikali ya Msumbiji ikawafukuza wachimbaji wadogo kwa maelfu, Watanzania wakiwemo. Mpwa wangu akarudi na begi moja na kovu la mgongoni ambalo hakulisimulia. Alikuwa na miaka ishirini na mbili.

Akawa anashinda kwenye kibanda cha kujaza memori kadi. Mnavijua vile vibanda: unatoa buku, unajaziwa singeli, filamu zilizotafsiriwa, na ukipenda mawaidha. Mawaidha yalikuwa ya kila aina. Mengine ni ya masheikh wetu wa kawaida juu ya swala na wazazi. Mengine yalikuwa ya watu kama Aboud Rogo wa Mombasa, ambaye aliuawa Agosti 2012, lakini sauti yake ilikuwa bado inasafiri kwenye simu za vitufe. Hili watu wa mikutano hulipita haraka. Tunasema Kiswahili kinatuunganisha, na kweli kinatuunganisha, kuanzia Lamu hadi pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado. Aliyetaka kumpata mpwa wangu hakuhitaji mkalimani. Alizungumza Kiswahili kitamu kuliko changu.

Nilikwenda kumsalimia dada mwezi wa tano mwaka huohuo. Nilimkuta uani anabangua korosho na jirani yake, mama wa rafiki mkubwa wa mpwa wangu. Nani hajaiona kazi ile? Korosho imechomwa, ganda limekuwa jeusi, unaigonga juu ya jiwe kwa kijiti kizito, ganda linapasuka, kiini kinatoka. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi. Wanapaka majivu mikononi, lakini baada ya miaka ncha za vidole zinababuka, zinakuwa laini na nyeusi kama zimepakwa lami. Jirani alipoinuka kwenda kisimani, dada akaacha kugonga.

"Mdogo wangu, huyu mpwa wako simwelewi."

Akanieleza bila kunitazama. Kijana alikataa kula chakula cha arobaini ya babu yake, akisema ni uzushi. Alimwita kafiri mwalimu wa madrasa aliyemfundisha alifu kwa kijiti. Alikuwa hataki mdogo wake apelekwe jandoni kwa ngoma. Hayo mtu unaweza kusema ni ujana na dini mpya, na kwa kweli kuna Waislamu wengi wema tu wasiokula chakula cha arobaini wala kupenda ngoma, wala hawajamgusa mtu hata kwa kibao. Lililomtisha dada lilikuwa jingine. Kuna "ndugu" wa ng'ambo walikuwa tayari kumpa mtaji wa biashara ya samaki, hawataki riba wala dhamana. Wanachotaka avuke akaupokee mwenyewe.

Ilikuwa Mei 2017, kumbukeni. Tarehe 13 Aprili askari polisi wanane walikuwa wameuawa Kibiti, mkoa wa Pwani. Wenyeviti na watendaji wa vijiji kule walikuwa wanapigwa risasi nyumbani kwao, na operesheni ilikuwa inaendelea. Huku kwetu kila mtu alikuwa anaongea kwa kunong'ona. Nilichofikiria, nasema kweli, ni jina. Jina la mpwa wangu likishaandikwa kwenye daftari la mtu, nani atalifuta? Na jina langu litaandikwa chini yake.

Nikamwambia dada, "Atakua, ataacha." Nikamalizia chai, nikapanda gari kurudi mjini.

Tarehe 5 Oktoba 2017 vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia, mji wa pwani wa Cabo Delgado, vilivamiwa. Baadaye tulikuja kusikia kwamba viongozi wa Kiislamu wa Cabo Delgado walikuwa wameshalalamika serikalini, kwa miaka, juu ya kundi la vijana wanaoingia misikitini na viatu, wanaogombana na maimamu, wanaowatoa watoto shule. Habari ilikuwepo. Walioipata mapema walikuwa wazee wa misikiti na akina mama. Mpaka bunduki zinalia, haikuwa imepata mtu wa kuifanyia kazi. Kuna waliokuwa wamevutwa kwa njia ileile ya mpwa wangu, vijimkopo vya biashara kwa vijana ambao benki isingewafungulia hata mlango.

Mpwa wangu hakuvuka. Ningependa kusema nilifanya kitu. Aliyefanya ni yule mwalimu wa madrasa aliyeitwa kafiri. Alimwita, akamwambia paa la madrasa linavuja na yeye mgongo haumruhusu kupanda. Siku tatu wakaezeka. Siku ya nne akamwambia, watoto wadogo wananichosha, nisaidie darasa la asubuhi. Kijana alikuwa na maswali makali, mzee akawa anayajibu kwa kitabu, jioni baada ya jioni, bila hasira. Msimu wa korosho ulipofika mzee huyohuyo akamwombea kazi ya kubeba magunia kwenye ghala la chama cha msingi. Hakuna aliyemwita mzee huyu mdau. Kwenye semina ya mwezi uliopita hakuwepo, alishafariki.

Nilipokuja kusoma ripoti za shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, nilimkuta yule mwalimu wa madrasa ndani yake. Ripoti ya mwaka 2017 ilihoji watu waliokuwa ndani ya makundi haya Afrika, wakiwemo 495 waliojiunga kwa hiari. Waliosoma elimu ya dini angalau miaka sita walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kujiunga, pungufu kwa kiasi cha asilimia 32. Ukimwona mtu anazitazama madrasa zote kwa jicho la wasiwasi, mwambie hilo. Na walipoulizwa nini kilichowasukuma mwisho kabisa, asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, mathalani ndugu au rafiki kuuawa au kukamatwa. Utafiti wa pili, wa mwaka 2023, uliofanyika katika nchi nane, ukakuta robo ya waliojiunga kwa hiari wakitaja ukosefu wa kazi kuwa sababu kuu. Waliotaja dini walikuwa wachache kuliko hao.

Namba ile ya 71 ndiyo iliyokuwa nyuma ya swali la mwenyekiti wa kitongoji, ingawa nadhani hajawahi kuiona. Mama anajua akisema kwa mtu asiye sahihi, anaweza kumtengeneza yule anayemwogopa.

Wakati wa chai ya jioni nilimfuata mmoja wa wale polisi wa kiraia, tunafahamiana. Nikamuuliza swali la mzee. Hakukasirika. "Mimi nikishapewa taarifa siwezi kukaa nayo," alisema. "Nikikaa nayo, likitokea la kutokea, mimi ndiye nitakayeulizwa." Maneno yaleyale ya mzee. Nikamwelewa pia. Tarehe 14 Oktoba 2020, wiki mbili kabla ya uchaguzi mkuu, kijiji cha Kitaya, mpakani huku Mtwara, kilivamiwa. Aliyekuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, Simon Sirro, alisema washambuliaji walikuwa kama 300 na walitokea Msumbiji. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa. Kitaya ni hapa, watu tunaoana nao. Usiku ule nusu ya simu za Mtwara zilikuwa zinaita bila kupokelewa. Huwezi kumwambia polisi aliyezika watu Kitaya kwamba asubiri kijana aezeke paa.

Ushirikiano wa kikanda ulikuja, na sitaubeza. Novemba 2020 wakuu wa polisi wa Tanzania na Msumbiji walitiliana saini makubaliano ya kufanya kazi pamoja mpakani. Machi 2021 mji wa Palma, Cabo Delgado, ukavamiwa, mwezi uliofuata kampuni ya TotalEnergies ikasimamisha mradi wake wa gesi wa dola bilioni 20, na ndipo dunia ikakumbuka kwamba kuna watu kule. Julai 2021 wakaingia Wanyarwanda, kisha kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ambacho Tanzania ilichangia askari. Agosti mwaka huo Mocímboa da Praia, iliyokuwa mikononi mwa wale watu kwa mwaka mzima, ikarudishwa. Kikosi cha SADC kikafunga kazi Julai 2024 huku mashambulizi yakiwa hayajakwisha. Februari 2022 SADC ilizindua kituo chake cha kupambana na ugaidi, makao yake Dar es Salaam. Taarifa sasa zinapita kutoka mji mkuu hadi mji mkuu.

Ninachojiuliza ni kama zinavuka mto. Sisi tuna Daraja la Umoja pale Mtambaswala, mita 720, lililofunguliwa Mei 2010. Tuna kivuko cha Kilambo. Na kabla ya hivyo tulikuwa na mitumbwi. Bibi yangu alizaliwa ng'ambo, alivuka na mtoto mgongoni wakati wa vita vya Mreno. Baada ya mapigano kuanza Septemba 1964, kusini hii ndiyo iliyokuwa nyuma ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, wapiganaji wakifundishwa Nachingwea na wakimbizi wakilimiana mashamba na wenyeji. Wazee wa Newala na Tandahimba wanazijua koo za Mueda, ng'ambo, kuliko wanavyozijua za Masasi. Msiba ukitokea ng'ambo, taarifa inafika huku kabla ya redio. Huo ni mtandao wa habari ambao hakuna mfadhili angeweza kuununua.

Halafu tuliufanya nini? Vita ilipopamba moto watu walivuka kuja kwetu kama bibi alivyovuka. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilisema kwamba nusu ya kwanza ya mwaka 2021 watu zaidi ya 9,600 walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano, ng'ambo ya lile Daraja la Umoja. Najua hoja ya usalama, nani angejua nani ni nani gizani. Lakini mama aliyerudishwa pale na watoto ni mama ambaye kesho ungetaka akupigie simu akwambie ameona watu asiowajua msituni.

Mwezeshaji alitutolea mfano wa Kenya, na mfano ulikuwa mzuri, ila aliusimulia nusu. Kenya ilitoa mkakati wa taifa mwaka 2016, kisha kaunti zikaanza kuandika mipango yao, Kwale ikiwa ya kwanza, mwaka 2017. Kaunti, polisi, mashehe, vikundi vya akina mama na vijana wanakaa meza moja, kwa sababu sababu za Kwale si za Garissa. Hapo ukumbi ukatikisa vichwa kukubali. Nusu asiyoisimulia ni ya mwaka 2015. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, waziri wa mambo ya ndani Joseph Nkaissery alitangaza msamaha wa siku 10 kwa vijana watakaojisalimisha kutoka Al-Shabaab. Wengi waliorudi hawakujitokeza, waliogopa pande zote mbili, na Kwale wapo waliorudi kimyakimya wakauawa. Mlango ulitangazwa redioni kabla haujajulikana ndani kuna nini. Kwale ilibidi ianze kuujenga baadaye, polepole, kwa watu wanaoaminika mtaani.

Ningekuwa na kalamu ya rangi, hapo penye MFUMO WA RUFAA ningefuta niandike majina. Kila kitongoji kina mtu wa aina ya yule mwalimu. Kuna nyumba ni mjomba, kuna nyumba ni nyakanga wa unyago, kwa Wakristo labda katekista. Mtu huyo apewe ruhusa inayojulikana hadi kwa mkuu wa wilaya kwamba akikaa na kijana ambaye hajafanya kosa lolote, anafanya kazi halali, hafichi mhalifu. Polisi ajue mwalimu anaendelea na kazi, asimtake jina kabla ya wakati. Na mwalimu naye ajue mstari uko wapi: ukisikia silaha, safari au mpango wa kudhuru, hapo hamna paa tena, unapiga simu. Hili linahitaji polisi kuvumilia kutojua jambo kwa muda, na hakuna semina niliyoandikia kumbukumbu iliyolijadili kwa sauti. Tunarudi kwenye dalili, kwa sababu dalili hazimgombanishi mtu na mtu.

Gharama yake ni ndogo kuliko ukumbi. Magunia ya ghalani, kibanda cha kazi, mtaji wa samaki usiotoka ng'ambo. Kama wale watu waliweza kukopesha bila dhamana, vikoba vyetu vinashindwaje? (Najua vinashindwaje, mimi ni mweka hazina wa kimoja. Lakini swali linabaki.)

Mpwa wangu sasa ni dereva wa bodaboda, ana watoto wawili na ndevu fupi, anabishana nami juu ya mpira tu. Rafiki yake, mtoto wa yule jirani aliyekwenda kisimani, alivuka Agosti 2017 kupokea mtaji. Mama yake, tulikuja kujua baadaye, alikuwa ameona yote kabla ya dada. Walikuwa wanabangua korosho pamoja kila siku, kila mmoja akimficha mwenziwe. Kitaya ilipovamiwa alijifungia ndani siku mbili, watu wakasema anaumwa.

Lakini kabla ya hapo nilikutana naye mjini, Januari 2020, zile siku za mwisho za kusajili laini kwa alama za vidole. Tarehe 20 laini zisizosajiliwa zilikuwa zinaanza kuzimwa, foleni zimefika barabarani. Nikamwamkia, akaitikia, akanishika mkono nisimwache. Zamu yake ilipofika kijana wa laini akamwekea kidole kwenye mashine. Ikagoma. Akafuta kidole kwenye khanga, ikagoma. Kidole cha pili, cha tatu, vyote vimelainishwa na mafuta ya korosho. Kile cha mwisho cha mkono wa kushoto kikakubali.

Yule mama hakuondoka. Akafungua pindo la khanga, akatoa kikaratasi chenye namba iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, akakilaza mezani.

"Na hii ya mwanangu," akamuuliza kijana, "kidole changu hichihichi hakiwezi kufaa?"